Mume anataka dizeli, shemeji anataka gesi: jenereta gani iende kwenye basi letu?

Shikamoo fundi,

Natumai uko salama. Mimi ni mama wa watoto wawili, mimi na mume wangu tumenunua basi kuukuu lililokuwa la abiria, injini ya dizeli, tumeshang'oa viti vyote na sasa tunaligeuza liwe nyumba. Sio la kutembelea wikiendi, tunataka tuishi humo kabisa, tukisimama sehemu tunakaa wiki au zaidi na mara nyingi hakutakuwa na umeme wa kuchomeka. Tutakuwa sisi wawili, watoto, na mama mkwe ambaye kitanda chake tumepanga kiwe nyuma kabisa ili apate faragha yake.

Sasa shida imekuja kwenye jenereta na imeshakuwa ugomvi wa kifamilia. Mume wangu anasema basi ni la dizeli, tenki kubwa lipo chini, kwa nini tubebe mafuta ya aina mbili, na ameshapata jenereta ya dizeli iliyotumika, KVA 8, ilikuwa kwenye eneo la ujenzi, anataka kutoa kishanzu, yaani malipo ya awali, wiki hii. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, hataki hata kuisikia, anasema dizeli inanguruma na kunuka, tuchukue ya propani ya kilowati 3.5 kwa sababu gesi haitoi moshi na sisi tunapikia gesi tayari, tuna mitungi 2 ya kilo 9. Wote wawili wanaongea kama mafundi na kila mmoja ananigeukia mimi nimuunge mkono.

Vitu tutakavyotumia: AC 1 ya juu ya paa, imeandikwa wati 1,400, friji ya kompresa, pampu ya maji, taa, kompyuta mpakato 2, maikrowevu mara mojamoja. Tuna paneli za sola wati 800, betri za lithiamu 2 za volti 12 ampea 200 kila moja, na inveta ya wati 3,000 ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani. AC ni kwa ajili ya mama hasa, joto linamtesa usiku halali kabisa, kwa hiyo usiku mwingi itawaka.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni kingine. Mume wangu anataka jenereta ikae kwenye buti la nyuma kwa sababu ndilo kubwa, na hilo buti liko chini ya kitanda cha mama. Nimesikia watu wamelala na jenereta ikiwaka na asubuhi hawakuamka. Na gesi nayo naiogopa ikivuja. Nikisema hivyo wananiambia nina woga wa kike. Naomba uniambie ukweli fundi, hata kama utamkera mtu humu ndani.

Mama Wawili

---

Marahaba mwanangu,

Nianze na woga wako kwa sababu ndio jambo zito kuliko yote uliyoandika, na kwenye hilo wewe ndiye uko sahihi. Jenereta haikai chini ya kitanda cha mama. Si ya dizeli, si ya propani. Moshi wa injini yoyote una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala haamshwi nayo, anazidi tu kulala. Shemeji anaposema propani haitoi moshi anamaanisha moshi mweusi wa kuonekana, hapo ni kweli, lakini injini ya gesi inaweza kutoa kaboni monoksidi nyingi kuliko ya dizeli, hasa ikiwa haijarekebishwa vizuri. Na dizeli pamoja na kwamba hutoa kidogo zaidi bado inatosha kuua kwenye chumba kidogo cha bati kama basi. Kwa hiyo hii hoja ya moshi haimpi ushindi yeyote kati yao.

Sasa jibu lenyewe. Kwa jinsi mnavyotaka kuishi, chukueni dizeli. Lakini sio hiyo ya KVA 8, na isiwashwe watu wakiwa wamelala. Hayo mambo matatu yanakwenda pamoja, ukilichukua moja ukaliacha jingine ushauri wangu unaharibika, kwa hiyo msomee mume wako yote asiishie kwenye neno dizeli.

Watu wengi wanaanza kubishana mafuta kabla hawajapiga hesabu ya umeme. Tupige yenu. AC wati 1,400 ikiwa inazunguka, lakini kompresa haizunguki muda wote, basi likishapoa inakata na kuwaka, tuseme kwa wastani inakula wati 900 hivi. Usiku wa masaa 8 hapo ni yuniti 7 na kitu. Ongeza friji, pampu, taa, chaja za hapa na pale na upotevu wa kwenye inveta, mnakaribia yuniti 10 tangu jua linazama mpaka linachomoza. Sola zenu wati 800 siku ya jua zuri zitawapa labda yuniti 3 hadi 4, ambazo zinatosha friji na taa na kompyuta na kubakisha kidogo, lakini AC hazitaibeba peke yake. Betri zenu 2 zikiwa zimejaa zina yuniti 5 na kidogo. Kwa hiyo pengo lipo na litajirudia karibu kila siku, na hilo pengo ndilo linaloamua mafuta.

Chukua kwamba kila jioni jenereta inatakiwa itoe yuniti 9. Jenereta ndogo ya propani ikiwa imebeba mzigo wa kutosha inakula kama nusu kilo ya gesi au zaidi kidogo kwa yuniti 1, na ikibeba nusu tu ya uwezo wake inaweza kufika robo tatu ya kilo. Yaani kilo 5 kwa jioni moja na huko ni kubahatika. Mtungi wa kilo 9 haumalizi jioni mbili, yote miwili haimalizi nne, na hapo hujachemsha hata chai. Mtakuwa watu wa kuzunguka kutafuta gesi, na basi lenyewe ndio nyumba, ukilipeleka kujaza mtungi umehamisha familia nzima. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji huwa hawalisemi: gesi ndani ya mtungi iko kama maji, injini inavuta mvuke wake, na kila inapovuta mtungi unapoa. Mtungi mdogo ukivutwa kwa nguvu kwa muda mrefu unafanya barafu kwa nje, presha inashuka na jenereta inaanza kukohoa wakati gesi bado imo. Kwenye baridi ni mbaya zaidi. Propani safi inaendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini gesi ya kupikia sehemu nyingi imechanganywa na butani, na butani karibu na nyuzi sifuri inagoma kabisa kuwa mvuke.

Dizeli upande wake, jenereta ndogo inakula kama lita 0.45 mpaka 0.5 kwa yuniti. Yuniti 9 ni lita 4 na kitu. Kama tenki la basi ni lita 200 na mkaacha robo isiguswe, mna mwezi mzima wa jioni kama hizo bila kusogea. Hapo ndipo mume wako ana hoja ya nguvu na usimnyime.

Lakini hiyo robo isiyoguswa haiji yenyewe. Jenereta iwekewe bomba lake la kunyonya ndani ya tenki, tofauti na la injini ya basi, na hilo bomba liishie juu zaidi, kwenye usawa wa robo tenki. Dizeli ikishuka hapo jenereta inazimika yenyewe na basi bado lina mafuta ya kuwatoa. Msiunge kwa kiungo cha T kwenye bomba la injini kubwa, pampu zitaanza kunyang'anyana na hewa itaingia, halafu siku ya kuondoka basi haliwaki na hamjui mwanzo wa tatizo. Wekeni na filta ya kutenganisha maji kabla ya pampu ya jenereta, dizeli iliyokaa tenkini muda mrefu inakusanya maji na yale maji yanaotesha uchafu mweusi wa utelezi unaoziba kila kitu. Gesi haina tatizo hilo, inakaa miaka bila kuharibika, shemeji akilitaja hilo mkubalie.

Sasa kwa nini nakataa KVA 8.

KVA 8 kwa kawaida ni kilowati 6.4 hivi. AC yenu peke yake ni kilowati 1.4, yaani karibu asilimia 22 ya uwezo wake, na kompresa ikikata inabaki inazunguka bure. Injini ya dizeli haipendi kuzunguka bila mzigo. Ikikaa chini ya asilimia 30 kwa masaa mengi haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, inabaki inapaka kwenye nozeli na ringi na ekzosi utando mweusi mzito kama lami, unaanza kuona inatoa moshi, inadondosha weusi kwenye sailensa, nguvu inapungua. Watu wanadhani jenereta kubwa inafanya kazi kwa raha na itadumu, kwa dizeli ni kinyume kabisa, kazi nyepesi ndiyo inayoiua pole pole.

Halafu hiyo ilikuwa ya ujenzi, kwa hiyo kabla hajatoa hata senti aende asome kibati chake. Aangalie kwanza ni fezi 1 au 3, yaani umeme unatoka kwa waya mmoja wa moto au mitatu. Nyingi za ukubwa huo kwenye maeneo ya kazi ni fezi 3, na vitu vyenu vyote ni vya fezi 1, ukichomeka kwenye fezi moja unapata theluthi tu ya zile KVA, zinabaki 2 na nusu na kitu, AC ikiwaka pamoja na chaja inazidiwa, na wewe umebeba kilo mia kadhaa za chuma chini ya basi. Aangalie pia masafa ya umeme wake, ni Hz 50 au 60, na yalingane na AC yenu. Na hizo za ujenzi zimetengenezwa zikae chini zimetulia zikipigwa na upepo pande zote, ukiifungia ndani ya buti bila njia ya hewa kuingia na njia nyingine ya kutoa joto la rejeta, itachemka siku ya kwanza.

Ninachowashauri ni dizeli ya kilowati 4 mpaka 5 za kudumu, fezi 1, inayopoozwa kwa maji, na injini yake izunguke mara 1,500 kwa dakika kama umeme wenu ni Hz 50, au 1,800 kama ni Hz 60. Zile ndogo za bei rahisi zinazunguka 3,000 au 3,600, na hizo ndizo shemeji anaziogopa kwa kelele, na ana haki, hata ukizifunika na boksi zinapiga kelele na kutetemesha sakafu. Inayozunguka taratibu ni nzito zaidi, itafika kilo 100 na kuendelea, lakini basi la abiria lilibeba watu na mizigo yao, hilo linabebeka, mradi ikae karibu na chesisi na vifungio vyake viwe na raba nzuri. Kama mtakuwa mnapanda sehemu za milimani ongezeni nafasi kidogo, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda.

Jinsi ya kuitumia sasa, na hapa ndipo mama mkwe atalala kwa baridi na kwa usalama. Jioni mnawasha jenereta mkiwa macho wote, mnapika, watoto wanaoga. AC inawaka inapoza basi, na wakati huo huo chaja ya ampea 100 inajaza betri, hiyo chaja inavuta wati 1,600 hivi. Jumla kilowati 3 na kidogo, kwa jenereta ya 4 au 5 huo ni mzigo mzuri, inapata joto, inaungua safi. Maikrowevu ikihitajika punguzeni chaja kwanza. Baada ya masaa 3 betri zimejaa au zimekaribia, basi limepoa, mnazima jenereta halafu AC inaendelea kwa inveta. Betri zenu 2 zitaibeba masaa manne na kitu, mara nyingi mpaka joto la usiku lenyewe limepungua. Ikiwa hayatoshi ongezeni betri 1 au 2, msiongeze masaa ya jenereta. Na AC ifungwe kifaa cha kuiwasha taratibu, kompresa inapoanza inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi, inveta ya wati 3,000 inaweza kuzima kwa huo mruko mmoja tu.

Kabla ya yote hayo lakini, je mmeshaziba kuta na paa kwa insulesheni? Hukuandika. Basi ni bati na vioo, jua likilipiga mchana kutwa bati linaendelea kurudisha joto ndani mpaka usiku. Mkiweka insulesheni nzuri ya paa, mkapunguza madirisha, AC hiyo hiyo inakata mapema, na hesabu yote niliyopiga hapo juu inapungua. Kama bado hamjafunga mbao za ndani fanyeni hilo kabla ya kufikiria jenereta.

Turudi kwenye nafasi yake. Tafuteni buti la pembeni, katikati ya basi, mbali na kitanda chochote, lizibwe kabisa juu na ubavuni lisiwe na tundu hata la waya linaloingia ndani bila kuzibwa, liwe na ukuta wa chuma na kifuniko kisichoshika moto. Ekzosi itoke mpaka nje ya ubavu wa basi, isiishie chini ya sakafu, na isielekee kwenye dirisha, mlango, wala mahali AC inapovuta hewa. Mkisimama angalieni upepo unaelekea wapi, na kama kuna ukuta au gari jirani linalorudisha moshi geuzeni basi. Ndani mfunge vikengele vya kaboni monoksidi, kimoja karibu na kichwa cha mama na kingine walipolala watoto, vijaribiwe kwa kubonyeza kitufe mara kwa mara, na kikilia watu wote wanatoka nje kwanza, habari ya kutafuta chanzo ni baadaye. Na mlango wa dharura wa nyuma usizibwe na kitanda chake, hakikisheni anaweza kuufungua mwenyewe akiwa gizani.

Jenereta na umeme wa nje visikutane kamwe. Wekeni swichi ya chenji-ova, upande mmoja jenereta, upande mwingine umeme wa kuchomeka, isiwezekane kuwasha vyote hata mtu akikosea. Hapo tafuteni fundi umeme wa kweli.

Gesi ibaki ya kupikia, na woga wako juu yake ni wa haki. Propani ni nzito kuliko hewa, kama mara 1.5, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka na kulala sakafuni na kwenye kila shimo la chini, na ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa inaweza kuwaka kwa cheche. Mitungi ikae imesimama ndani ya boksi lake linalofunguka kwa nje tu, limezibwa lisiwasiliane na ndani ya basi, na liwe na matundu ya hewa chini kabisa ili gesi ikivuja idondoke nje. Hilo boksi liwe mbali na jenereta na ekzosi yake. Kikengele cha gesi kinafungwa chini karibu na sakafu, tofauti na kile cha kaboni monoksidi. Mkiwa mwendoni valvu za mitungi zifungwe, na mkipanda kivuko au kupita handaki refu ulizeni kwanza masharti yao, sehemu nyingine zinadhibiti magari yenye gesi.

Nisimwache shemeji akadhani nampinga tu. Kama mngekuwa watu wa wikiendi, AC masaa mawili mara mojamoja, basi ni la petroli na mna tenki kubwa la gesi limefungwa chini ya gari, ningewaambia chukueni propani bila kusita: ni nyepesi, haina harufu ya dizeli, inawaka kirahisi ikikaa miezi, oili yake inakaa safi. Anajua anachoongea, ila anaongelea maisha mengine tofauti na haya mliyochagua. Mpeni yeye kazi ya hilo boksi la mitungi.

Kwa mume wako, kishanzu kisitoke wiki hii. Akishasoma kibati na bado anaitamani, aende na hita za umeme za kutosha aichomekee mzigo wa kilowati 4 kwa saa nzima, aangalie kama moshi unasafika baada ya kupata joto au unazidi kuwa mweusi, kama volti zinatulia, na oili inavuja wapi, muuzaji akikataa ijaribiwe kwa mzigo basi aondoke. Na wewe nipimie mabuti ya pembeni urefu, upana na kina, uniandikie tena na aina ya AC, nikwambie kama jenereta ninayoisema itaingia pamoja na nafasi yake ya hewa au itabidi mtengeneze kizimba kipya chini ya chesisi.